Nina Uchungu, Bado Nimkimbie Baba Mkwe?

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijajifungua, maana zimebaki wiki chache na hasira haijanitoka. Nimeolewa Ndandalo, na kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe, akisikia anakuja anajificha, nami nimejificha miaka yote bila kinyongo. Mimba ya kwanza muuguzi wa kliniki alimfundisha mume wangu, Aliko, kunikanda kiuno, na uchungu ulipoanza akanikanda kwa kiganja na mafuta ya nazi, nimeshika nguzo ya baraza tunasubiri bodaboda ya kunipeleka kituo cha afya, nikaona kweli maumivu yanapungua, mara baba mkwe akakohoa njiani anatoka shamba la kokoa, Aliko akaniachia palepale na mama mkwe akasema, "Mwanangu, mzee huyo, jifiche," nikatambaa hadi nyuma ya jiko, nikabaki peke yangu kwenye migomba naing'ata kanga mpaka mzee alipomaliza kula ndizi zake. Safari hii nimesema sitambai, Aliko ananijibu mila ni mila, mama mkwe anasema ukorofi huu nimeutoa kliniki. Je, mkosefu ni mimi?
Felista, Ndandalo

Felista, pole, na ndaga, yaani asante, kwa kuandika. Chai yangu imepoa kwa hasira. Kwa kukataa kutambaa huna kosa hata kidogo. Nami nimeolewa Kyela, nimeshajificha kwenye mpunga nikaloa hadi magotini, kwa hiyo asije mtu akasema nadharau mila. Lakini mila inataka msikutane, haikusema anayekimbia ni yule mwenye uchungu. Mkweo ana miguu.

Na wewe Aliko, usijifanye husomi. Mkeo anaumwa, unamwachia kiuno kwa sababu ya kikohozi? Aibu yako.

Felista, kosa lako ni moja tu, kama hasira hiyo unamnunia na mzee. Mzee hajui kwamba ulikuwa migombani. Nani angemwambia, na wote mlinyamaza? Wiki hii mtume shangazi yake Aliko akamweleze yote, na uchungu ukianza mzee ahamie kwa ndugu au jirani. Wewe wahi kituo cha afya, kukandwa kunapunguza maumivu tu, hakuzalishi. Akukande kiuno, tumbo asilibonyeze mtu yeyote. Na mzee akitokea kabla hamjaondoka, Aliko asiondoe mkono. Amwambie kwa sauti, "Baba, zunguka, mke wangu ana uchungu."