Si Ile Shule Uliyonichagulia

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe mwenyewe ulinifunza kwamba mkubwa huamkiwa hata kama umemkasirikia. Nami nimekukasirikia sana.

Siku ya kumaliza matanga yako kule Muleba, Baba Mdogo alisimama mbele ya watu akasema, "Marehemu alijua kuchagua shule. Mtazameni huyu binti yake, leo ni mwalimu wa baiolojia. Hayo ni matunda ya shule ile ya Mwanza." Watu wakaguna kukubali. Habari hiyo waliipata kwako. Uliisimulia kanisani, ukaisimulia kwa majirani wetu wa Igogo mjini Mwanza, ukairudia mpaka nadhani ukaiamini. Si kweli, Baba, na ulijua si kweli.

Unakumbuka nilipofaulu kidato cha nne? Ulinibeba mgongoni, msichana mzima, ukanizungusha uani huku Mama anacheka na kukukemea. Nilikupenda siku ile kuliko siku zote. Lakini mwaka uleule kiwanda cha nguo kiliuzwa, wakakupunguza kazi, wewe uliyekuwa ukizitambua mashine zao kwa mlio tu. Ulirudi nyumbani ukiwa mtu mwingine. Ukawa unasema, "Mambo ya kushikana mikono yamekwisha. Siku hizi ni nani kafika kwanza."

Mama alikuwa amesikia habari za shule ndogo ya masista ng'ambo ya pili ya ziwa. Tulivuka na pantoni, mimi na yeye. Tulikuta wanafunzi sita wamesimama mbele ya ubao wakibishana kuhusu magugumaji yaliyokuwa yameanza kufunika ziwa: je, samaki wanakufa kwa kukosa mwanga au kwa kukosa hewa? Sista aliyekuwa akiwafundisha aliketi nyuma, kimya. Walipomgeukia awaamulie alisema, "Sijui. Kachukueni ndoo mkathibitishe." Msichana mmoja mwenye kandambili akanitazama. "Na wewe mgeni, unaonaje?"

Baba, nilikuwa nimesoma miaka kumi na moja, nikiitwa kipanga wa masomo kila mahali, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninaonaje. Nilijibu, nikakosea. Hawakunicheka. Walilichukua kosa langu wakalipindua huku na huku, wakaona lilikuwa na kitu ndani yake, tukashuka wote mpaka ziwani na ndoo. Nililowa mpaka magotini. Tulipokuwa tunarudi Mama alisema neno moja tu: "Hapa."

Wewe ukauliza, "Wanapanga namba?" Nikasema hawapangi. "Sasa mtoto atajuaje amemshinda nani?" Ukachukua kalamu, ukaandika jina la ile shule mpya ya binafsi iliyokuwa ikisifiwa mjini kote. Hukuniuliza. Mama alipofungua mdomo ulimwambia aende jikoni asubiri chai iive.

Pale kila Ijumaa majina yetu yalibandikwa getini kwa kufuata alama, ya chini kwa wino mwekundu. Watu walisoma wamefunika madaftari kwa mkono. Ukimwuliza mtu swali, anakudanganya makusudi. Mmoja tu hakuwa hivyo: Modesta, binti wa wakulima wa pamba wa Kisesa, tuliyeketi naye dawati moja. Kemia alinifundisha yeye, kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, akichora kwa kijiti mchangani mpaka nielewe. Alisomeshwa na parokia kwa sharti kwamba asitoke katika watatu wa kwanza.

Ulikuja siku ya wazazi. Hukuniuliza kama ninakula, wala kama ninalala. Ulisimama getini ukaweka kidole kwenye karatasi, kwenye jina lililotangulia langu. "Huyu Modesta ni nani? Ana vichwa viwili?"

Wiki mbili baadaye niliingia maktaba, nikachukua kitabu cha kemia, nakala pekee tuliyokuwa nayo, nikakata kurasa tatu kwa wembe, nikazificha ndani ya godoro. Modesta aliniuliza kama nimeziona. Nikamtazama machoni, nikasema sijaziona. Mtihani ukatoka humo. Mimi nikawa wa kwanza, yeye akawa wa sita, na kabla muhula haujaisha alikuwa amefunga sanduku lake.

Niliporudi nyumbani likizo nililia mbele yako, Baba. Nilikueleza yote, wembe, godoro, uongo. Nilitaka unichape. Ulifanya nini? Ulinipapasa bega, ukasema, "Hata yeye angekufanyia hivyohivyo. Dunia ndiyo hiyo." Nina hasira na mambo mengi uliyoyafanya, lakini hili ndilo linaloniamsha. Nilikuletea dhambi yangu, wewe ukanipongeza.

Nilikwenda Kisesa peke yangu na zile kurasa. Modesta alikuwa shambani anachuma pamba. Alizipokea, akazisoma palepale amesimama, zote tatu, mpaka mstari wa mwisho. Kisha akasema, "Ungeniambia tu, tungesoma wote." Akaniambia niondoke. Hata mimi nisingekaa.

Likizo ileile Mama alinivusha kwenda kwa masista bila ruhusa yako, nikarudia kidato cha tano. Huko ndiko nilikosoma. Huko tulibishana mpaka kengele ya chakula ikatupita, na aliyeelewa hakuruhusiwa kuketi mpaka mwenzake naye aelewe. Wewe ulininunia mwaka mzima. Nilipoingia chuo kikuu ndipo ukapata sauti, ukaanza kuwaambia watu habari za shule uliyoichagua.

Sasa Jovita, kitindamimba wako, naye amefaulu kidato cha nne. Siku ile ya matanga Baba Mdogo alitangaza kwamba atapelekwa palepale getini, kwa kufuata nyayo zangu. Nikasimama. Niliwaeleza watu wote nilichomfanyia Modesta na ulichonijibu. Baba Mdogo akafoka, "Marehemu hasemwi!" Mama, aliyekuwa amenyamaza tangu tukuzike, akasema, "Mwacheni aseme. Mimi nilinyamaza, na mmeona."

Jumatatu ninamvusha Jovita. Jana ameniuliza, "Dada, wakiniuliza kitu nisichokijua nitasemaje?" Nimemwambia aseme hajui, kisha asiondoke. Usiku mzima nimemsikia akigeuka kitandani kwa furaha.

Watu wananiambia nikusamehe kwa kuwa umekufa. Labda nitaweza. Najua kiwanda kilikuumiza, najua uliogopa kwa ajili yangu. Lakini uliishi miaka sita baada ya mimi kuondoka getini pale. Tulikula meza moja kila likizo, na hukuniuliza hata mara moja kule ng'ambo nilijifunza nini. Ungeuliza, Baba. Ningekuwa nimenuna, lakini ningekueleza mpaka chai ipoe.

Lala salama huko migombani kwako. Nitakuja kupalilia kaburi, hasira na yote.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.