Chumvi Kisimani kwa Mzee Ndung'u

Jumamosi, Karagita. Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye chai. Sijali. Leo nina furaha mpaka mashavu yanauma.

Wacha niandike kabla sijaanza kujishusha, maana najijua.

Kwa mwezi mzima nimekuwa nikienda kwenye ploti mbili zinazotenganishwa na ua wa mabati. Upande mmoja anakaa Mzee Ndung'u, mwenye kisima. Upande wa pili ni Mama Halima, mwenye vyumba sita vya kupangisha na choo kimoja cha shimo. Wajukuu wa Mzee walipoharisha mara ya pili, alisema choo cha Mama Halima kinavuja hadi kisimani mwake. Akamtaka akifukie. Bila choo, wapangaji wangehama wote, na vile vyumba ndivyo vinavyomlisha.

Mimi ni mwanafunzi, nasomea maji ya chini ya ardhi. Mzee ndiye aliyenikaribisha, akanipa kiti na chai kila siku. Alikuwa na hakika nitathibitisha maneno yake.

Kusema kweli, hata mimi nilikuwa na hakika.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Nilitoboa shimo jembamba kando ya choo hadi nikafikia maji, nikamimina maji ya chumvi, kisha nikawa napima chumvi ya kisimani kwa mita asubuhi, adhuhuri na jioni. Ikipanda, basi maji yanatoka huko. Nilipima siku tisa. Haikupanda hata kidogo. Nikahamia kwenye shimo la maji ya bafu, nyuma ya jiko la Mzee mwenyewe, nikamimina tena. Siku ya tatu mita ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda, halafu ikashuka polepole.

Nilikaa juu ya ndoo nikiitazama. Nimekunywa chai ya huyu mzee mwezi mzima, na kumbe shimo ni lake!

Na kuna jambo lingine, sijamwambia hata mwalimu wangu. Siku moja nilienda Longonot kwenye harusi ya binamu yangu, nikakosa kipimo cha adhuhuri. Niliporudi nikajaza namba ya kubuni, inayofanana na ya asubuhi. Haikunichukua hata dakika. Kesho yake nikashindwa kuitazama. Nikaikata kwa kalamu, nikaandika kando: sikupima.

Leo nimewaita wote wawili, nikawafungulia daftari. Mzee alivaa miwani, akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Kidole chake kikasimama juu ya ile namba iliyokatwa.

"Hii nayo?"

"Sikuwepo siku hiyo, Mzee. Niliandika uongo, halafu nikaona aibu."

Nilijua chai imeisha.

"Mtu anayetaka kunidanganya angeificha hii," akasema. Akavua miwani, akamgeukia jirani yake. "Mama Halima, nimekukosea. Shimo ni langu."

"Yameisha, Mzee. Watoto wapone tu."

Sikuwaambia kwamba choo ni kisafi. Niliwaambia tu kwamba maji ya upande ule hayaelekei kisimani, na kwamba ya kunywa yachemshwe, iwe iwavyo. Mzee ameshapima hatua za shimo jipya, mbali na kisima, upande wa chini. Mimi ndiye niliyemwonyesha pa kuchimba.

Mimi.

Nilizaliwa mitaa miwili kutoka hapa, kwenye chumba kimoja, mama akirudi kutoka kukata maua mashambani mikono imechanika. Maji ya visima kama hiki ndiyo yaliyonilea na kuniumiza tumbo, na hakuna aliyewahi kutuambia yanatoka wapi. Leo nimewaambia watu wa kwetu, na wameniamini.

Nilipokuwa nafunga mita, Mama Halima akauliza, "Sasa hiyo chumvi ikitoka kisimani inaenda wapi? Ziwani?"

Nikamwambia sijui. Hakunicheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu atakayengoja jibu, akaenda kuanua nguo.

Nimetembea hadi nyumbani nikiliwaza swali lake. Ni mbali hadi ziwani. Nitahitaji chumvi nyingi zaidi.