Siku Maman Alipomgusa Koko

Mpendwa yaya Nsimire,

Siku ile kwenye simu tulisema wote kwa pamoja, na wewe ukawa unarudia tu, "Polepole, polepole, nani anasema?" Kisha mtandao ukakatika. Tangu hapo umepata habari kwa vipande: kwamba Koko, babu yetu, alianguka, kwamba yuko hai, kwamba maman aliingia matatani na wazee wa ukoo kule Luhwindja. Leo nataka kukueleza yote kwa mpangilio. Wewe ni dada yangu mkubwa na ningeweza kukuandikia kwa siri, lakini nimeomba nafasi katika jarida la shule yetu, kwa sababu nadhani jambo hili si letu peke yetu.

Unakumbuka Tonton Gunia, yaani Mjomba Gunia? Wakati huo ulikuwa bado hapa Nyalukemba, hujaenda Kinshasa kusomea tiba ya dharura. Ulirudi kila jioni kutoka hospitali na swali lako lilelile: moyo wa mtu ukisimama nyumbani, walio karibu naye wanafanya nini kabla gari halijafika? Uliwauliza wamama wa soko, madereva wa pikipiki na waimbaji wa kwaya. Majibu yalifanana. Tunammwagia maji usoni, tunampepea, tunambeba mbio. Ulituambia kwamba watu wetu wana upendo mwingi na mikono mingi, ila hakuna mkono unaokwenda kifuani.

Ndipo ukashona gunia, ukalijaza nguo kuukuu za papa yetu, na katikati ukaficha chupa tupu ya plastiki. Mtu akisukuma kwa nguvu ya kutosha, chupa inalia. Akisukuma kwa woga, kimya. Maman Jolie, jirani yetu, ndiye aliyelipa gunia jina.

"Huyu tonton iko sawa na bwana yangu," alisema huku akisukuma. "Mupaka umusukume sana njo anajibu."

Wamama walicheka hadi wakakaa chini. Lakini ulikuwa na shida moja iliyokunyima usingizi, nayo ni mwendo. Kifua kinataka kusukumwa haraka na bila kupumzika, nao walipohesabu kwa Kifaransa walipotea njiani, wakaanza kubishana nani ameruka namba. Mikono ilisimama, midomo ikaendelea.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya sombe, majani ya muhogo. Maman na Maman Jolie walitwanga katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda, wa yule ukishuka. Wewe ulikaa karibu yao na vitabu vyako, simu ikilia kwa ule mwendo ambao moyo unautaka. Nilikuona umeinua kichwa. Ukazima simu, ukasikiliza kinu, ukaiwasha tena.

"Maman, tafazali musiache!"

"Tutaacha namna gani na sombe haijalainika?" maman alikujibu.

Mchi mmoja peke yake ulikwenda taratibu mno. Miwili iliyopokezana ilikwenda sawa kabisa na simu yako. Na mmoja wao alipochoka, jirani mwingine aliupokea mchi wake bila pigo hata moja kupotea, jambo ambalo ulikuwa ukijaribu kuwafundisha wauguzi kwa maneno mengi. Nadhani sijawahi kukuona una furaha kama siku ile. Uliruka, ukamkumbatia Maman Jolie na majani ya sombe mikononi mwake.

Tangu hapo utafiti wako ukapata njia. Kundi moja ulilifundisha kwa kuhesabu, jingine kwa kinu, kisha ukawa unarudi baada ya muda kuona nani bado anakumbuka. Nilibeba gunia nyuma yako kila tulikokwenda. Nilijifunza kwamba mtafiti si mtu anayejua. Ni mtu anayekubali kuulizwa.

Maman ndiye aliyekuuliza swali gumu kuliko yote. Tulikuwa tumemaliza mazoezi, wanawake wakijifunga vitenge vyao, naye akasema kwa sauti ndogo, "Na kama aliyeanguka iko mukwe wangu?"

Wanawake wakaacha kujifunga. Sisi tunajua sababu, lakini wasomaji wengine huenda hawajui: kwetu mwanamke hamgusi baba wa mume wake. Hampi mkono. Akikutana naye njiani anampisha. Tangu Koko aje kuishi nasi, maman anapika chakula chake na mimi ndiye ninayekipeleka.

Ulimjibu, "Maman, moyo haujui mukwe."

Maman akatikisa kichwa. "Moyo haujui. Batu njo banajua."

Hukujaribu kumshinda. Uliliandika swali lake katika daftari lako, na nilikupenda zaidi kwa hilo.

Sasa sikiliza yale ambayo simu haikukuambia vizuri. Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Papa alikuwa kazini Uvira, na Maman Jolie alibaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Nilikuwa nampelekea Koko chakula uani nilipomwona anateleza kutoka kitini, polepole, kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba. Nilimwita. Nilimtikisa mabega. Alitoa pumzi moja ya kukoroma, kisha ukimya. Ulikuwa umetufundisha kwamba mkoromo ule si kupumua, kwa hiyo nilimlaza chali na kuanza kusukuma.

Yaya, mimi ni mwepesi. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote na nilihisi kwamba kama angekuwa gunia, chupa isingelia. Majirani walishaingia. Mmoja alikuja na beseni la maji, mwingine alitaka kumkalisha. Dereva wa pikipiki alisimama langoni, injini ikiwaka. Maman alikuwa mlangoni mwa jiko, mikono ameifunga ndani ya kitenge.

"Maman," nililia, "sina nguvu!"

Mama mmoja mzee wa mtaani akamwahi. "Mama Nsimire, ule ni mukwe wako! Usimuguse!"

Maman alimtazama. Kisha akafungua mikono.

"Aibu nitasikia kesho," alisema. "Sogea."

Alipiga magoti, akaweka viganja katikati ya kifua cha Koko, akaanza. Alisukuma kwa mapigo ya michi yote miwili, akihema kama anavyohema kwenye kinu, na mimi nikapiga makofi ili mwendo usipotee. Hakuangalia uso wa Koko. Aliangalia mikono yake tu.

"Tumupandishe pa moto!" dereva alipiga kelele, akionyesha pikipiki yake. "Nitamubeba katikati!"

"Na pa moto nani atasukuma moyo?" maman alimjibu bila kuinua kichwa. "Weye ao usukani? Enda utafute gari!"

Akaenda mbio. Kabla hajarudi, Maman Jolie alitokea langoni na vazi lake la kwaya, kwani habari zilishafika kanisani. Alipiga magoti upande wa pili, akangoja pigo, akapokea. Walipokezana hivyo mara kadhaa, hata yule mwenye beseni akaliweka chini. Kisha mkono wa Koko ukapanda taratibu, ukajaribu kumfukuza Maman Jolie kama mtu anayefukuza nzi. Akakohoa. Maman alikaa chini palepale na kujifunika uso kwa kitenge.

Uliponiuliza baadaye kama tulihakikisha kweli kwamba hapumui, na ukasema labda moyo haukuwa umesimama kabisa, na kwamba mtu mmoja si utafiti, nilikasirika kidogo. Nilitaka useme ni ushindi. Sasa naipenda sentensi hiyo. Ulishatuambia kwamba wengi hawarudi hata wakisukumwa vizuri, na kwamba hao nao wanastahili kuhesabiwa kwa ukweli. Unautafuta ukweli kwa ajili ya watu wote, si kwa ajili ya Koko wetu peke yake.

Koko alirudi kutoka hospitali na dawa za moyo na mbavu zinazouma. Nyuma yake wakaja wazee wa ukoo, wakiongozwa na Muzee Birindwa, mdogo wake. Walikaa sebuleni na papa. Walisema mila imevunjwa. Maman arudi kwao, na asikanyage hapa mpaka watu wake walete kasikisi, pombe ya ndizi, ili kuisafisha nyumba. Papa aliwasihi, lakini yeye ni mtoto mbele yao. Maman alikuwa chumbani. Nilimkuta akikunja vitenge vyake ndani ya mfuko, kimoja kimoja, bila kulia. Hapo nilielewa kwamba siku ile ya kusukuma alishajua anachoweza kupoteza.

Ndipo Koko akatoka chumbani kwake, ameshika mbavu.

"Birindwa," alisema, "katika mambo haya nani alikosewa?"

"Ni weye, mukubwa."

"Na nani alikufa?"

Muzee Birindwa alisitasita. "Ni weye."

"Basi matanga ni yangu. Kasikisi nitatoa mimi. Ao mumesikia wapi maiti inaleta pombe na batu wanakataa?"

Papa ndiye aliyecheka kwanza, kisha akajizuia, kisha wazee wenyewe wakashindwa kujizuia. Mmoja wao aliinama mbele na kuuliza kama ni kweli maman alisukuma vile wanatwanga sombe.

"Uliza mbavu zangu," Koko alimwambia.

Kasikisi ikaletwa, kwa jina la Koko, wakanywa, nyumba ikasafishwa. Maman aliutoa mfuko na kuvirudisha vitenge kabatini. Muzee Birindwa, kabla ya kuondoka, alimwomba Maman Jolie apande Luhwindja siku moja kuwafundisha wanawake wa huko. Alisema na wazee nao waruhusiwe kuangalia.

Nimetulia, yaya. Nasoma bayolojia kwa hamu, na mwalimu anasema nikiendelea hivi nitaweza kufuata njia yako. Sitaki kujivuna, natumaini tu.

Usidhani kwamba maman na Koko sasa wanapiga gumzo. Maman bado anampisha, na anasema anafanya hivyo kwa kuwa anapenda. Tofauti ni moja: Koko naye sasa anasimama, akitaka maman apite kwanza. Jana walikutana mlangoni wakasimama hivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake, macho chini, heshima tupu, mpaka maharage yakaungua jikoni.

Nakuacha na kazi yako, nami narudi kwenye hesabu zangu. Kula vizuri huko.

Mdogo wako