Kitambaa Kwenye Tundu la Hewa

Nekesa mjukuu wangu,

Hujambo huko Eldoret? Sisi hapa Buruburu tuko salama, na mama yako anakusalimu.

Unauliza mbona kioo cha gari alilokuachia marehemu babu yako kinajaa ukungu. Krismasi moja tulikuwa tukienda Kakamega kwenye mvua, gari limejaa, sote tukiimba. Kioo kikafunikwa kabisa. Babu yako hakutunyamazisha. Aliegesha, akafungua boneti, akachomoa kitambaa alichozibia tundu la hewa kuzuia vumbi la Jogoo Road. Hita ikapuliza, kioo kikatakata.

"Ni pumzi zenu," akacheka. "Zilikosa pa kutokea."

Lakini kila kiangazi alikirudisha kitambaa kile, na nadhani bado kimo. Kichomoe, mama, ila usikitupe. Ni kipande cha leso yangu. Namshukuru Mungu, gari lile bado lina pumzi ya mtu wetu ndani.

Nyanya yako