Mwalimu Asiyenisemesha

Lautoka, 4 Juni 1994

Mama yangu mpendwa,

Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa kuinamia meza. Wewe hujambo? Goti linasemaje? Na Baba, bado anagombana na kuku wa jirani?

Mama, nimempata mwalimu wa pool. Unajua mwaka jana nilivyoachwa kwenye timu ya wanawake kwa mpira mweusi mmoja tu. Mwaka huu mchujo ni tarehe tisa Julai, na watano watakwenda kwenye mashindano Noumea. Nina miaka thelathini na moja, nikikosa safari hii basi tena. Mwalimu wa kwanza alinifundisha mbwembwe, wa pili alitaka kunishika kiuno. Huyu wa tatu ndiye. Anaitwa Eremasi, mtu wa mkoa wa Ra, ana kipara, na kidole kimoja kilikatika kwenye miwa. Wiki nzima alinizuia kutia hata mpira mmoja shimoni. Kazi ilikuwa kuusukuma mweupe uende, urudi, uguse ncha ya fimbo. Sasa mpira unanitii.

Ila ana vituko. Siku ya kwanza aliuliza jina la baba yangu, nikamwambia Sakiusa Nakautoga wa Savusavu. Tangu hapo hajanisemesha. Tuko hatua mbili tu, lakini anamwambia Vijen wa kaunta, "Mwambie ainue kiwiko." Vijen ananigeukia, "Inua kiwiko." Vijen analalamika kwamba aliajiriwa kuuza bia, si ukalimani.

Basi nimemfanya mtani. Namwita Kichwa Yai. Juzi nilimwambia mbele ya watu, "Kama umekosa mke nioe mimi, meza tunayo tayari." Klabu nzima ilicheka. Yeye akatoka nje.

Binti yako,
Unaisi


Savusavu, 21 Juni 1994

Unaisi mwanangu,

Sisi wazima.

Huyo Eremasi ni kaka yako. Kile kidole nilikifunga mimi kwa kitambaa changu, akiwa mvulana. Ni mtoto wa Josua, na Josua ni kaka wa baba yako, tumbo moja. Savusavu ni kwetu mimi, baba yako alizaliwa Ra. Yeye na Josua walishikana mashati kwenye mazishi ya bibi yako, kwa neno ambalo hata mimi sikuambiwa. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Baba yako akaapa jina la Josua lisitajwe ndani ya nyumba hii, nami nikatii. Kosa langu hilo.

Mtoto wa baba mkubwa si binamu wa kutaniwa, Unaisi. Na kaka na dada wakishakua hawasemeshani. Wewe na kaka yako Viliame hata chumvi mnapitishiana kupitia kwangu. Ndiyo maana anamtumia huyo Vijen, amekutambua tangu ulipotaja jina. Na wewe ukamwambia akuoe. Mbele ya watu! Nimesoma mstari ule mara nne, na bado siamini kuwa nimekuzaa mimi.

Usirudi pale. Tafuta mwalimu mwingine. Baba yako sijamwambia, na sijui nitaanzia wapi.

Mama yako


Lautoka, 11 Julai 1994

Mama,

Natumaini goti limepoa na Baba hajambo. Mimi nimepona, maana niliugua kwa barua yako. Nilikaa nimeishika mpaka chai ikapoa, mihogo ikaungua. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Siku tano sikukanyaga klabu. Nilijaribu mwalimu mwingine, akaniharibia hata kile nilichokuwa nacho. Siku ya sita nikachukua fungu la mizizi ya kava ya kuombea radhi, nikaliweka chini mlangoni mwa klabu, nikapiga magoti nimegeukia ukutani. Nikasema, "Vijen, mwambie sikujua."

Vijen akamwambia. Kisha nikamsikia Eremasi, "Mwambie dada yangu sikuwa na kinyongo naye. Mwambie kwamba mzee Josua huniuliza nyumbani kila jioni dada yangu amefikia wapi. Na mwambie mkono wa nyuma bado mzito."

Nililia pale pale, Mama. Nimekukaidi, niliendelea naye. Jumamosi nimepita, wa tano kati ya watano. Noumea naenda. Yeye alisimama nje muda wote, ametupa kisogo, anasikiliza mipira tu.

Baba mwambie au usimwambie. Wewe ndiye unayemjua.

Unaisi wako


Savusavu, 29 Julai 1994

Mwanangu,

Sote wazima, ingawa siku hizi mbili sijalala vizuri.

Sikumwambia. Aliikuta mwenyewe barua yako chini ya mkeka, akaisoma. Nikaondoa vyombo mezani, maana nilijua vitavunjwa. Hakuvunja kitu. Siku ya pili akaniuliza, "Amesema 'dada yangu'?" Nikamjibu ndivyo ilivyoandikwa.

Akafungua sanduku, akatoa jino la nyangumi tulilomwekea Viliame kwa harusi yake, akaanza kulipaka mafuta, alipeleke kuombea radhi. Miaka thelathini na moja mimi naogopa kulitaja jina la Josua, na leo asubuhi amelitaja yeye, ananiuliza kama nadhani Josua atampokea. Sijawahi kumwona baba yako akiogopa.

Anaondoka na meli ya Alhamisi. Anakupongeza kwa timu. Lakini usije kumpokea. Anakwenda kwa kaka yake kwanza, na hataki umwone akipiga magoti.

Mama yako