Mama Yako Mdogo Yuko Chuoni

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa Kasuku,

Mama yako mdogo amekufa. Jumatano asubuhi, nikiwa namchemshia maji ya kuoga. Nilimzuia mama yako asikupigie. Nilitaka nikuambie mwenyewe, na kwenye simu mimi huwa nakwama.

Hujambo lakini? Kifua kimepona? Unakula? Mimi mzima. Mgongo tu, ule ule wa kubeba zege.

Usiulize kaburi. Kwa sasa halipo. Yuko chuo cha udaktari, hapa mjini. Alitaka mwenyewe. Mama yako amenuna, hataki hata chai yangu. Ni dada yake, simlaumu. Atapoa.

Unajua alivyokuwa baada ya kile kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mdomo ndio umeamka. Mtu mpole vile, anamtukana hadi muuza mkaa. Watu wakasema kumbe roho yake ndiyo hiyo. Daktari akatuonyesha kwenye picha ya kichwa: hapa pameharibika. Tangu hapo ikawa wimbo, "Nikifa nipelekeni chuoni. Na hao wa saikolojia waje, si madaktari tu. Waone. Wasije wakamwambia mtu ana roho mbaya kumbe ubongo umeharibika." Halafu anacheka, "Ila wasinitekenye!"

Sasa barua yako. Unasema darasa lenu la saikolojia linapelekwa kutazama maiti ikipasuliwa, wewe umegoma, bora uache masomo. Eti kazi yako ni kuongea na watu, na maiti haiongei.

Ingia, Kasuku. Huyo wa kwenu pale mezani simjui, ila ana mtu wake nyumbani. Usiangalie pembeni. Siku moja utaletewa mke wa mtu, anatukana. Kumbuka ulichokiona kabla hujamwambia neno.

Mimi nimemkosa vibaya. Kwa mkono ule mmoja alikuwa ananifunga vifungo vya shati kila asubuhi, upandeupande. Nilikuwa natoka hivyo hivyo. Kazini wananicheka, "Mzee, leo umevalia gizani?" Sasa vinakaa sawa. Sipendi.

Msalimie kaka yako fundi cherehani, na binti yake yule kibogoyo. Mungu akushike mkono hapo mlangoni.

Ni mimi baba yako mdogo, nakupenda sana. Kesho narudi kazini.