Mrija wa Nazario

Gasorwe, 6 Juni 2006

Kaka Nazario,

Hujambo? Wifi Lucia hajambo? Huku tu wazima, maharage yamekubali, isipokuwa Anisia wangu.

Nakuandikia nikiwa na hasira, bora ulijue mapema. Jumamosi tumeondoa kilio cha mama, matanga yameisha bila wewe, mwanawe wa kwanza. Eti malaria. Malaria gani hiyo inayojua tarehe? Mrija wako wa kunywea ulikaa kando ya mtungi wa pombe ya mtama hadi jioni, mkavu.

Sasa Anisia. Tangu bibi yake afie kambi ya wakimbizi Tanzania, halimi, hasuki nywele, shule kaacha. Miaka kumi na sita, analala kutwa. Nilijiambia ni kilio bado kipo, na msibani jembe halishikwi. Tukakiondoa, wazee wakampa jembe mkononi. Akaliweka chini, akarudi kitandani. Jana kaniambia, "Mama, mngenizika pamoja na bibi."

Kaka, nifanye nini?

Mdogo wako,
Paskazia


Mutaho, 11 Juni 2006

Mdogo wangu Paskazia,

Salamu nimezipokea pamoja na hasira zake. Wifi yako mzima.

Haikuwa malaria. Tuliporudi kutoka kambini nilikuta watu kwenye shamba la baba, nikagawana nao kwa amani, kila mtu akanisifu. Baadaye nikashindwa kuamka. Si uvivu, unanijua. Chakula kilikuwa udongo mdomoni, nikawa sioni sababu ya kuishi. Lucia akanipeleka Gitega mjini, kwenye kituo cha magonjwa ya akili. Muuguzi mmoja, Urbano, akasema ni akabonge, ile huzuni isiyotoka, na kwamba ni ugonjwa unaotibika. Vidonge vilichukua karibu mwezi kunisaidia. Nikajiona mjanja, baada ya Pasaka nikaviacha bila kumwuliza mtu, nikaanguka tena. Jumamosi yenu nilikuwa kitandani. Niliona aibu, nikatuma uongo.

Neno la Anisia usilipigie kelele. Muulize wazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, Urbano kanihakikishia. Usimwache peke yake, na dawa ya wadudu ya shambani itoe nyumbani leo hii. Kisha mlete. Vijana wa umri wake huanza na maongezi, vidonge vikihitajika hupewa kwa uangalizi.

Kaka yako,
Nazario


Gasorwe, 15 Juni 2006

Kaka,

Mwili unaendeleaje? Barua hii anakuletea Juma muuza vitenge.

Mume wangu Bonifasi alisema hakuna binti yake atakayepelekwa kwa vichaa, nani atamwoa. Nikamsomea barua yako. Akauliza, "Nazario? Yule aliyegawana shamba bila ugomvi?" Nikasema huyo huyo. Akatoka kwenda kuuliza gari la Gitega linaondoka saa ngapi.

Anisia nilimuuliza. Alisema ndiyo, huwa anafikiria. Kisha akalia, mara ya kwanza tangu kambini, nami nikalia naye. Sasa analala nami mkeka mmoja. Jumatatu tunakuja.

Paskazia wako


Mutaho, 30 Julai 2006

Mdogo wangu,

Salamu kwa Bonifasi. Binti yenu anakula, si sana.

Kila Alhamisi nampakia kwenye baiskeli hadi barabarani, tunapanda gari kwenda kwa Urbano. Wiki tatu alitazama ukuta tu. Ya nne akasema: siku ile ya mwisho kambini bibi alimwomba maji, akajibu "ngoja." Aliporudi na kikombe, bibi alishaondoka. Mtoto amebeba neno hilo moja muda wote huu, Paskazia.

Daktari amempa na vidonge pia, Lucia ndiye anayevitunza. Siku nyingine bado hazisogei, juzi alishinda kitandani. Lakini namheshimu. Mimi nilivutwa mkono na mke wangu, yeye Alhamisi ananikuta nimelala, tayari amevaa viatu.

Mjomba wake na kaka yako,
Nazario


Gasorwe, 12 Novemba 2006

Kaka mpenzi,

Mu wazima? Anisia kafika salama, vidonge mfukoni, tarehe ya kurudi kwa Urbano imeandikwa mlangoni kwa chaki.

Jana kashika jembe. Kalima mistari miwili, akaketi. Bonifasi alitaka kupiga kelele za furaha, nikamfinya. Leo kalima mitatu.

Gaudensia, jirani yangu, alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini mtu anafikaje Gitega, kwa ajili ya mumewe. Nimemwambia kaka yangu atamwandikia. Usinune. Nimekusifu mwaka mzima kwa shamba lile ulilogawa, kumbe barua yako ya Juni ilikutaka ushujaa zaidi.

Krismasi uje. Mrija wako sikuutupa. Dawa zenu hazipatani na pombe, najua, kwa hiyo Anisia atachemsha uji mwembamba wa mtama, mtungi wenu ninyi wawili. Wazee wameuliza kwa nini tunaondoa kilio upya. Nimewajibu kwamba kilio cha mama hatukukiondoa siku ile, maana mlikosekana wawili.

Mdogo wako, hasira zimeisha,
Paskazia